Gari la umeme litalala wapi? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu kabla hujahama kutoka petroli

Wengi wanaowaza kununua gari la umeme huanza kwa kuuliza: likijaa, litanifikisha wapi? Ni swali zuri, ila linafaa kusubiri. La kwanza kujibu ni hili: usiku gari litalala wapi, na hapo linapolala pana umeme?

Gari la petroli unalipeleka kwenye mafuta. La umeme ni kinyume chake, kwa kuwa umeme hulifuata pale ulipoliegesha, wewe ukiwa umelala. Raha yake yote na nafuu yake karibu yote iko hapo. Asiye na pa kulichajia usiku anaweza bado kulimiliki, lakini hesabu yake ni nyingine kabisa, na wauzaji hawana haraka ya kumwonyesha.

Tafuta daftari, risiti zako za mafuta za miezi mitatu, bili au risiti za umeme za muda huohuo, na kikokotoo cha simu. Kwa kuwa bei hazifanani baina ya nchi na nchi, wala baina ya mwaka huu na ujao, humu nitatumia lita ya petroli kama fedha. Nikisema jambo fulani linagharimu lita 400, maana yake ni fedha ambazo zingekununulia lita 400 leo hapo ulipo. Zidisha kwa bei yako utapata jibu lako.

Hatua ya 1: Kagua pa kulala

Nenda ukasimame mahali gari litakapoegeshwa. Soketi ya karibu iko wapi? Waya utapita wapi bila kukanyagwa na watu au kukatwa na geti? Kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba atakubali, na mita ni yako peke yako au mnachangia? Kama ni ghorofa, egesho ni lako kwa maandishi, au anayewahi ndiye anayelipata? Majibu haya ni mazito kuliko ukubwa wa betri.

Sasa upime uwezo wa hiyo soketi. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Ondoa kinachopotea njiani, kwa sababu sehemu ya umeme hugeuka joto kwenye waya na kwenye chaja iliyomo ndani ya gari, na ndani ya saa 10 za usiku betri itapokea takribani uniti 20. Uniti, yaani kilowati-saa moja, ndiyo ileile inayosomwa na mita ya nyumbani. Gari la wastani hutumia uniti 17 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo usiku mmoja wa soketi ya kawaida unakupa kama kilomita 115. Mahali penye umeme wa volti 120 utapata kilomita 70 hivi.

Nimeweka namba hizo mapema makusudi. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku huambiwa lazima afunge chaja ya ukutani, naye hulipa bila kujua kwamba soketi iliyopo ingemtosha na kubaki. Chaja ya ukutani ya ampea 32, yaani kilowati 7.4, ni nzuri na ni salama zaidi. Ila ni uamuzi wa mtu mwenye mwendo mrefu, au mwenye umeme wa bei nafuu kwa saa chache tu za usiku anayetaka kuziwahi.

Usilokwepa ni fundi umeme mwenye leseni. Pasi huvuta umeme mwingi, lakini kwa dakika chache. Gari huvuta mwingi kwa saa nane au kumi mfululizo, na soketi iliyolegea ambayo haijakusumbua miaka yote itaanza kuyeyuka. Mwambie fundi akague unene wa waya unaoelekea kwenye soketi hiyo, sakiti breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Bila ethi magari mengi hukataa kuchaji kabisa, na yana haki. Muulize pia kama laini yote ya nyumba itabeba gari, jiko na hita ya maji kwa wakati mmoja. Na ile ekstensheni ya waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake, iache ndani kwa ajili ya redio.

Umeme wa kukatika je? Hofu hii ni kubwa kuliko tatizo lenyewe, mradi gari linachomekwa kila usiku. Mwenye gari la kilomita 300 anayetembea 50 kwa siku anaweza kukosa umeme usiku mmoja, hata siku mbili au tatu, na bado akaenda kazini. Anayeumia ni yule anayesubiri betri ikaribie kuisha ndipo achaji, kama tulivyozoea na petroli.

Wenye sola nao wana swali lao: mchana jua likiwaka, gari liko wapi? Kama liko kazini, sola ya nyumbani haitalichaji, isipokuwa uwe na betri nyingine ya kuhifadhi, na hiyo ni gharama ya peke yake.

Hatua ya 2: Andika mwendo wako kwa wiki mbili

Usikisie. Kila jioni andika namba iliyo kwenye dashibodi. Baada ya wiki mbili utakuwa na wastani wa siku, na utaijua siku ndefu kuliko zote. Ongeza namba ya tatu kutoka kwenye kumbukumbu: ndani ya mwaka mzima umesafiri mara ngapi zaidi ya kilomita 250 kwa siku moja?

Karibu kila mtu hushangaa kuona wastani wake ulivyo mdogo. Hushangaa pia kuona kwamba zile safari ndefu, ambazo ndizo zinazomtia hofu, ni chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Safari nne kwa mwaka zinaweza kufanywa kwa gari la kukodi au la kuazima. Safari nne kwa mwezi ni mambo mengine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nishati

Kwanza ujue nafuu inatoka wapi. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya karibu uniti 9. Gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 kwa hiyo linachoma nishati ya uniti 71, na sehemu kubwa yake inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Mota ya umeme inapoteza kidogo sana, na ukipunguza mwendo hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Ndiyo maana uniti 17 zinatosha safari ileile. Ndiyo maana pia gari la umeme hung'ara kwenye foleni za mjini, mahali ambapo la petroli hunywa kuliko kawaida.

Sasa gawanya bei ya lita moja kwa bei ya uniti moja. Namba utakayoipata iandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, maana ndiyo itakayoamua mengi.

Tuseme umepata 5, yaani lita moja inanunua uniti tano. Gari la umeme linahitaji uniti 17, na ukiweka zile zinazopotea wakati wa kuchaji, mita yako itasoma kama 19 kwa kila kilomita 100. Kumi na tisa gawanya kwa tano ni lita 3.8. Gari lako la zamani lilikunywa lita 8, kwa hiyo unaokoa lita 4.2 kila kilomita 100. Kama namba yako ni 8, gharama inashuka hadi lita 2.4. Kama ni 3, inapanda hadi 6.3 na nafuu inabaki ndogo. Ikiwa chini kidogo ya 2.4, hakuna unachookoa kwenye nishati, hata ukiendesha usiku na mchana.

Kuna mitego miwili hapa.

Wa kwanza uko kwenye bili. Sehemu nyingi bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia zaidi. Mtu wa kilomita 20,000 kwa mwaka ataongeza uniti 3,800, yaani zaidi ya 300 kila mwezi, na kwa nyumba nyingi hapo matumizi yanakuwa maradufu. Kwa hiyo usitumie wastani wa bili yako ya sasa. Tumia bei ya daraja utakaloingia ukishaongeza gari. Kinyume chake, ukiwa na mkataba wenye umeme wa bei ya chini usiku, tumia bei hiyo, kwa sababu magari mengi unaweza kuyapangia saa ya kuanza kuchaji.

Mtego wa pili ni vituo vya chaji ya haraka. Uniti ya kituoni mara nyingi ni ghali kuliko ya nyumbani, wakati mwingine mara mbili au tatu. Chukua mfano wetu wa 5, halafu useme kituo kinatoza mara tatu: kilomita 100 sasa zinagharimu lita 11.4. Umepitwa na petroli! Ukichaji nusu nyumbani na nusu kituoni, unapata lita 7.6, na ile nafuu ya 4.2 imebaki 0.4. Ndiyo maana nilianza na pa kulala. Asiye na soketi usiku hununua umeme kwa bei ya barabarani maisha yake yote.

Kosa jingine ambalo naliona sana ni kulinganisha gari jipya la umeme na gari kuukuu la petroli. Mpinzani halali ni gari ambalo ungelinunua badala yake, na leo hilo mara nyingi ni haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Haibridi nzuri isiyochomekwa hunywa lita 5 au pungufu kwa kilomita 100. Mbele yake nafuu yetu ya nishati inashuka kutoka lita 4.2 hadi 1.2. Fanya hesabu zote mbili, hata kama ya pili haikufurahishi.

Hatua ya 4: Weka bei ya gari na vile visivyotajwa dukani

Endelea na mfano wetu. Gari la umeme limezidi la petroli kwa fedha za lita 5,000, na kazi ya fundi pamoja na chaja ni lita 400. Unadaiwa lita 5,400 kabla hujawasha gari.

Kinachorudi kila mwaka kwa mtu wa kilomita 20,000 ni lita 840 za nishati. Ongeza matengenezo: hakuna oili ya injini, plagi, filta ya mafuta, mkanda wa taiming, klachi wala ekzosi, na breki pedi hudumu kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Tuseme ni lita 150. Halafu toa bima, ambayo mara nyingi ni ya juu zaidi, tuseme kwa lita 100. Kwa mwaka zinabaki 890, na deni linalipika baada ya miaka sita na kitu. Kwa mtu wa kilomita 8,000 nishati inamrudishia lita 336 tu, na akiokoa 80 za matengenezo na kutoa zile 100 za bima, anabaki na 316. Atasubiri miaka 17, na gari litakuwa limeshachoka. Wote wawili wameshika karatasi moja na gari moja, ila majibu yao ni mbingu na ardhi.

Kama unakopa, riba ya hizo lita 5,000 za ziada iweke humo humo. Kama nchi yako ina msamaha wa kodi au ushuru kwa magari ya umeme, uweke pia, lakini usome tarehe yake ya mwisho, kwa sababu misamaha ya aina hii hubadilika kila bajeti.

Usisahau bei ya kuuza tena. Katika masoko mengi magari ya umeme yamekuwa yakishuka thamani kwa kasi, kwa sababu mapya yanazidi kuwa bora na nafuu, na wanunuzi wanaogopa betri za zamani. Kwa anayenunua jipya, huo ni uchungu. Kwa anayenunua lililotumika ndipo penye dili: mwenzake ameshabeba hasara, na pengo la lita 5,000 linaweza kuwa limebaki 1,000 au limetoweka kabisa. Kwa maoni yangu, mtu mwenye mwendo mdogo asiguse jipya. Atafute lililotumika lenye betri iliyokaguliwa, au akae na gari lake.

Matairi, kwa upande mwingine, huisha mapema. Betri huongeza uzito wa mamia ya kilo, na mota hutoa nguvu zake zote papo hapo ukikanyaga. Uliza bei ya saizi ile kabla hujapenda rimu.

Hatua ya 5: Tafsiri umbali ulioandikwa kwenye tangazo

Umbali wa gari hutokana na vipimo vya maabara, na maabara hazifanani. Chukua Nissan Leaf ya betri ya uniti 40 iliyotoka mwishoni mwa 2017. Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule, JC08, iliandikwa kilomita 400. Kwa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya, ni 270. Kwa EPA cha Marekani ni 243. Gari ni lilelile na betri ni ileile! Kwa hiyo ukiona namba, uliza kwanza ni ya kipimo gani. NEDC ya zamani na CLTC ya China huwa na ukarimu mwingi, WLTP iko karibu zaidi na ukweli, na EPA kwa kawaida ndiyo yenye ubahili.

Njia ya kweli zaidi ni kuachana na namba za tangazo na kugawanya mwenyewe. Chukua uniti za betri, gawanya kwa 17, zidisha kwa 100. Gari kubwa refu kwenda juu weka 20 au 22, na dogo la mjini 14.

Kisha kata kulingana na maisha yako. Mwendo kasi ndio mlaji mkuu: nguvu ya upepo inayokuzuia huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 120 inapanda karibu asilimia 80. Hali ya hewa ya barafu inaweza kuondoa robo ya umbali au zaidi, kwa sababu injini isiyokuwepo haiwezi kukupa joto la bure na hita inakula betri. Kiyoyozi kwenye joto hula kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mlima mrefu utakutisha ukipanda, kisha utakurudishia sehemu ukishuka.

Njiani, kati ya kituo na kituo, hutumii betri nzima. Chaji ya haraka hupungua kasi sana baada ya asilimia 80, na chini ya 10 hakuna mwenye roho ya kuendelea. Gari lililoandikwa kilomita 400 kwa WLTP litakupa kama 320 barabara kuu, na asilimia 70 ya hizo ni 224. Hiyo ndiyo hatua yako halisi kati ya vituo.

Hatua ya 6: Ijue betri kabla ya rangi

Betri za magari ya leo ni za lithiamu, na utakutana na jamii mbili. LFP, yenye chuma na fosfeti, ni nzito kidogo kwa nishati inayobeba na haipendi baridi kali, lakini ni vumilivu, haina kobalti wala nikeli, na unaweza kuijaza hadi 100 bila wasiwasi. Baadhi ya watengenezaji hushauri ijazwe kabisa angalau mara moja kwa wiki ili kompyuta isipotee hesabu. Jamii ya NMC, yenye nikeli, manganizi na kobalti, hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, ila matumizi ya kila siku iwekee kikomo cha asilimia 80 na uijaze 100 siku ya safari tu. Anayechaji kila siku na kuishi mahali pa joto, mimi ningemsukuma kwenye LFP.

Betri yenye kupozwa kwa maji huchakaa taratibu, kwa wastani kama asilimia 2 kwa mwaka. Dhamana iliyozoeleka ni miaka 8 au kilomita 160,000, na kwa kawaida inahesabu betri kuwa mbovu ikishuka chini ya asilimia 70. Soma kama dhamana hiyo inahama na gari na kama inatambulika nchini kwako. Gari lililoingizwa kutoka nje na mtu binafsi mara nyingi huja bila hiyo dhamana.

Kwa lililotumika, hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kilomita zilizotembea si kipimo kikuu. Kinachotakiwa ni afya ya betri, inayosomwa kwa asilimia. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kikazungumza na programu ya simu, na kwa magari mengi kitakupa namba hiyo kwa dakika tano. Nissan Leaf, kwa mfano, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, hazikuwa na mfumo wa maji wa kupoza betri katika vizazi viwili vya kwanza, na zile za miaka ya kwanza zilizoishi kwenye joto zimechoka sana. Dashibodi yake ina vijiti 12 vya afya, na kijiti cha kwanza hudondoka baada ya kupotea kama asilimia 15, kwa hiyo vijiti 12 haimaanishi betri mpya. Wapo pia wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vijiti virudi vyote.

Kinga yake ni jaribio la barabarani. Omba gari likiwa limejaa, endesha kilomita 50 kwa mwendo wako wa kawaida, uone asilimia zilizoondoka. Betri ya uniti 40 yenye afya ya 75 imebaki na uniti 30, na 30 ukigawa kwa 17 ni kilomita 176 hadi kukauka. Ukijiwekea akiba ya asilimia 10, una 158. Je, siku yako ndefu uliyoiandika hatua ya pili inaingia humo, na itaingia tena baada ya miaka mitano? Kama inaingia kwa nafasi, hiyo betri "iliyochoka" ni mali yako kwa bei ya chini, na acha wengine waikimbie.

Hatua ya 7: Plagi, lugha na fundi

Magari yaliyotengenezewa soko la Japani kwa kawaida yana plagi ya Type 1 kwa chaji ya polepole na CHAdeMO kwa ya haraka. Ya Ulaya yana Type 2 na CCS2. Ya China yana GB/T. Amerika Kaskazini wametumia CCS1 na sasa wanahamia NACS iliyoanzishwa na Tesla. Fungua ramani ya vituo vya eneo lako, uone ni plagi gani zimewekwa kweli, kisha ndipo uchague gari. Adapta za chaji ya polepole ni rahisi. Za chaji ya haraka ni ghali, na si zote zinazoelewana na kila kituo.

Angalia pia chaja iliyo ndani ya gari. Kituo cha kilowati 22 hakitakupa 22 kama gari lako linapokea 7 tu. Utakaa pale saa sita ukilaumu kituo bure.

Gari lililotoka soko jingine linaweza kuwa na skrini isiyosomeka kwako, ramani za nchi nyingine, na programu ya simu inayokataa kujisajili nje ya kwao. Muulize muuzaji akuonyeshe, asikueleze.

Fundi wako wa kila siku ataendelea na breki, shoki na matairi. Ila betri kuu ina volti 400 hivi, na baadhi ya magari 800, na kwa huko unahitaji mtu aliyefunzwa, mwenye glavu na vifaa vyake. Kabla ya kununua, mtafute kwa jina na umtembelee. Uliza pia kama betri ya gari hilo inaweza kufunguliwa na kubadilishwa moduli (vipande vinavyoiunda) moja moja, au ni lazima ing'olewe yote. Jibu hilo ndilo linaloamua kama gari la miaka kumi litatengenezeka au litakuwa banda la kuku. Na kwa kampuni ya bima uliza kama betri iliyogongwa na jiwe kwa chini au iliyoingiwa na maji ya mafuriko inalipwa.

Kichekesho cha magari haya ni kwamba bado yana kibetri kidogo cha volti 12 kama cha gari lolote. Kikifa, gari lenye uniti 60 tumboni halifungui hata mlango. Kibadilishe kwa wakati.

Hatua ya 8: Lijaribu kwa wiki moja

Kuliendesha dakika kumi na muuzaji hakukufundishi kitu zaidi ya kwamba linakimbia kimya. Kodi au azima gari la umeme kwa wiki. Lichomeke nyumbani kwako, kwenye soketi yako, baada ya fundi kuikagua. Saa moja baadaye gusa plagi: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza uzime mara moja. Soma mita jioni na asubuhi ulinganishe na asilimia zilizoingia, utajua upotevu wako halisi.

Ndani ya wiki hiyo fanya safari moja ndefu. Betri ya uniti 60 kutoka asilimia 10 hadi 80 inahitaji uniti 42. Kwenye chaja ya kilowati 50 ni karibu saa nzima, na kwenye ya 150, kama gari linaweza kuipokea, ni nusu saa hivi. Hesabu na foleni. Kituo chenye chaja moja tu kihesabu kama hakipo, mpaka uwe na kituo cha pili unachoweza kufika ukikuta cha kwanza kimezimika.

Ikiwa huna pa kuchajia usiku wala kazini, kituo cha karibu ni kimoja, na safari zako ndefu ni za kila wiki, nunua haibridi na ulale usingizi. Ile ya kuchomeka, inayokwenda kilomita 40 hadi 80 kwa umeme kabla ya injini kuwaka, inamfaa mwenye soketi na safari ndefu kwa pamoja. Asiyeichomeka anabeba betri kama mzigo na kulipia petroli ya kuibeba.

Ukiamua kununua, na lililotumika hasa, siku ya kulichukua fungua buti kabla ya kumaliza kulipa. Waya wa kuchajia, adapta yake na funguo zote mbili viwe humo. Waya mara nyingi husahaulika kwa mwenye gari wa zamani, na ukiukosa itabidi uununue mwingine kabla hata ya usiku wa kwanza.